Mota Chini ya Kioo cha Mama

Kituoni, 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na lile sikio la kushoto halikusumbui. Mimi huku sijambo, ni baridi tu inayonikomesha. Nalala na soksi mbili mbili kama mgonjwa.

Kioo kimefika. Najua ndilo unalotaka kusikia kwanza, kwa hiyo nisikuzungushe. Lori lilipanda mlima siku tatu na mimi nililipokea chini ya mlima, nikakaa nyuma na sanduku mpaka juu. Hakuna ufa, hakuna mkwaruzo. Tulipolifungua, mafundi waliacha kazi zao wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama kweli kimesuguliwa na mtu kwa mikono yake. Nikamwambia kimesuguliwa na mama yangu, miaka sita, kwa lami na unga mwekundu wa kung'arishia. Akainama akakitazama upya.

Sasa nikueleze kinachofuata, maana uliniuliza kwenye simu na najua jibu hukulisikia hata nusu. Kioo chako kina upana wa mita mbili na unene wa vidole vitatu. Kwa wembamba huo hakiwezi kujishikilia chenyewe. Darubini yetu ya nyota ikiinama, nacho kinalegea. Ndiyo maana tunakilaza juu ya mota mia na ishirini. Kila mota imeshikamana na mgongo wa kioo kwa kijiti cha chuma, na inaweza kusukuma au kuvuta kidogo sana. Kompyuta inatazama mwanga wa nyota moja, inaona kioo kimeharibika umbo wapi, halafu inaziamuru mota zikirudishe. Kila dakika, kazi ni hiyohiyo. Mwangalizi wa mota hizo ni mimi, ingawa kwenye karatasi naitwa Mhandisi Mkuu wa Kioo.

Mwezi ujao nitakipima na kuandika ripoti. Mkurugenzi amesema waziwazi: ripoti ikiwa nzuri, kioo cha pili, kile cha mita tatu, unapewa wewe. Ikiwa mbaya, kinakwenda kwa wale wanaosugua kwa mashine.

Salamu nyingi.

Mwanao,
Kitinda

---

Karakana, 19 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Mgongo unauma, sikio limekufa, mikono mizima. Mikono ikiwa mizima, hayo mengine ni porojo. Wewe je, unakula? Kwenye ile picha uliyonitumia shingo yako imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Nimesoma habari za mota zako nikacheka peke yangu. Mia na ishirini. Kwa hiyo nilikusomesha miaka yote ile ili ukawe mchunga panya. Maana mimi ndivyo ninavyowaona, panya mia na ishirini chini ya kioo changu, huyu anasukuma, yule anavuta. Marehemu baba yako alisugua vioo vinene kama mlango, vikakaa vilipowekwa bila kubembelezwa na mtu. Siku hizi fundi anasugua ovyo halafu anasema mota zitarekebisha. Ni sawa na mshonaji anayekata kitambaa upande, kisha anamgombeza mteja asimame vizuri.

Kioo changu hakihitaji panya. Wazime wote uone, kitakaa vilevile. Mwambie Mkurugenzi wako nimesema mimi.

Kioo cha pili nakitaka. Sitazungusha maneno kwa mwanangu. Nina miaka sitini na sita na wateja wa vioo vidogo wote wamenikimbia, wamekwenda kwenye mashine. Nisipopata hicho cha mita tatu, mlango wa karakana naufunga na funguo natupa chooni. Sitaki kumaliza maisha nikisugua vioo vya kunyolea ndevu. Kwa hiyo hiyo ripoti yako uiandike kwa mwandiko unaosomeka, mara moja katika maisha yako.

Mama yako

---

Kituoni, 22 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje na mgongo? Mafuta ya kuchua niliyokutumia yalifika? Mimi nina kikohozi kidogo, si cha kutisha.

Ripoti imetoka na namba ni nzuri. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akasema hajaona uso laini namna hiyo tangu aanze kazi. Kuhusu kioo cha pili anasubiri miezi michache, aone hiki kinavyofanya kazi baridi ikizidi, lakini moyo wake uko kwako.

Nina swali moja, na naomba unijibu kama fundi kwa fundi. Nilipokuwa hapo, kila Ijumaa tulikuwa tunakigeuza kioo robo mzunguko juu ya kitanda chake cha kusugulia. Mimi nazungusha winchi ya kukinyanyulia, wewe unakiongoza kwa mikono. Uliniambia mwenyewe kwamba kitanda kinaweza kudanganya, na dawa yake ni kukigeuza kioo ili uongo uonekane. Nilipoondoka, ulikuwa unakigeuza na nani?

Mwanao,
Kitinda

---

Karakana, 2 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Mzima. Kikohozi chemsha maji ya tangawizi, usinisumbue.

Sasa umekuwa wa kunihoji. Mimi niliyekufundisha kushika wembe mbele ya taa ili uone kivuli cha kasoro kwenye kioo, leo unaniuliza kama nafuata kanuni. Nilikigeuza kila Ijumaa. Seremala wa jirani alikuwa anakuja kuzungusha winchi, anakunywa chai, anakwenda zake. Umeridhika?

Halafu nikukumbushe kitu. Siku uliyoondoka hukuniuliza ni nani atazungusha winchi. Uliuliza basi linaondoka saa ngapi. Ulikuwa umeshafunga begi kabla hujaniambia, na mimi nilikuwa na kioo cha watu kitandani, kazi imefika nusu. Mtu wa namna hiyo haniulizi mambo ya Ijumaa.

Mama yako

---

Kituoni, 20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Leo sina raha ya kuuliza hali, lakini nauliza. Mgongo unaendeleaje?

Nilimpigia simu seremala. Tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua. Anasema tangu ulipomwambia mbele ya wateja wake kwamba meza zake zinatembea zenyewe, hajakanyaga karakanani, na sasa ni mwaka wa tatu. Winchi hajaigusa. Kwa hiyo kioo kililala upande mmoja tangu siku niliyoondoka.

Mama, kitanda kilijipinda. Huenda mguu mmoja umezama kwenye sakafu kwa ule uzito. Kioo nacho kikajipinda pamoja nacho, na wewe ukasugua mpaka kikawa sawa kabisa juu ya kitanda kibovu. Kilipotoka kitandani kikarudi kwenye umbo lake la kweli. Kingo mbili zimeinuka, mbili zimeshuka, kama tandiko la punda. Kosa lenyewe ni unene wa unywele mmoja ukiugawa mara arobaini. Mtu wa mtaani akiambiwa atacheka. Wewe na mimi hatuwezi kucheka.

Nimezipa mota kazi ya kulibana hilo tandiko, na zinaliweza. Tatizo ni kwamba nusu ya nguvu zao inaishia hapo, na ile ilikuwa akiba ya siku za baridi kali na ya darubini inapoinama sana. Kwenye ripoti nimeandika umbo la kioo mota zikiwa kazini, kwa sababu fomu inauliza hivyo. Hakuna aliyeuliza mota zikizimwa inakuwaje. Sikuandika uongo, ila nimeficha, na ni mara ya kwanza kuficha kitu tangu nianze kazi. Nimeficha kwa ajili yako.

Ninachoomba ni kidogo. Usijisifu kwa watu kwamba kioo chako hakihitaji mota. Usimwandikie mtu yeyote azizime ili apime. Kaa kimya, upate kioo cha pili, na mimi nitachukua likizo zangu zote nije tukigeuze pamoja. Hilo kosa halitarudi.

Mwanao anayekupenda,
Kitinda

---

Karakana, 8 Mei

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, marahaba tena. Mgongo afadhali kidogo. Kifua chako je? Bado unakohoa? Nimekutumia fulana ya sufu. Uivae ndani, siyo juu ya shati kama mwendawazimu.

Nimekusoma mara tatu. Sina la kubishana nawe. Nitakaa kimya kama ulivyoomba, na panya wako sitawatukana tena, angalau kwa maandishi.

Nieleze kitu kimoja tu, maana kwangu kompyuta ni giza tupu. Mtu akikaa kwenye chumba chenu akaziangalia hizo mota zinavyohangaika, anaweza kujua kama ubaya uko kwenye kioo au uko kwenye mota zenyewe? Nauliza tu nielewe.

Mama yako anayekupenda

---

Kituoni, 30 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Fulana imefika na nimeivaa ndani, uwe na amani. Inanuka karakana, nimefurahi. Kikohozi kimekwisha.

Nimefurahi zaidi kwa barua yako. Nilidhani utaninunia mwaka mzima.

Swali lako ni zuri. Jibu ni hapana. Kwenye skrini mambo hayo mawili yanafanana. Kioo kibaya kinachonyooshwa na mota nzuri, na kioo kizuri kinachopindwa na mota mbaya, vyote vinaonyesha mota zilezile zikisukuma kwa nguvu ileile. Njia ya kutofautisha ni moja tu: uzime mota zote, upime, kisha ukigeuze kioo robo na upime tena. Kosa likigeuka pamoja na kioo, ni la kioo. Likibaki pale pale, ni la mota. Lakini kufanya hivyo ni kusimamisha darubini wiki mbili, na hakuna anayetaka kusikia habari hiyo. Kwa hiyo tulia.

Kuna kitu kimoja kimenishtua. Juzi darubini ilipoinama karibu na upeo wa macho, mota namba arobaini na moja ilifika mwisho wa nguvu zake na taa nyekundu ikawaka. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia ni grisi imeganda kwa baridi. Aliitikia, lakini aliiandika kwenye daftari lake.

Mwanao,
Kitinda

---

Kituoni, 11 Julai

Mama,

Shikamoo.

Leo asubuhi Mkurugenzi aliniita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na barua, na kabla hajasema neno niliutambua mwandiko. Akaniambia niisome kwa sauti. Nilisoma mbele yake na mbele ya mkuu wa utumishi. Nakuandikia hapa nilichosoma, ili usije ukasema nimekusingizia:

"Mwanangu nampenda lakini siwezi kumfichia. Tangu utotoni hana mkono mtulivu, na ndiyo sababu nilimwondoa kwenye kazi ya kusugua. Kioo kilitoka kwangu kikiwa kizima. Mota zake ndizo zinazokipinda, halafu anaandika kwamba zinakinyoosha. Anayetazama skrini hawezi kujua, maana kwenye skrini mambo hayo mawili yanafanana. Naomba mtu mwingine apewe kioo changu."

Sentensi ya skrini ni yangu, Mama. Umeinakili neno kwa neno kutoka kwenye barua niliyokuandikia nikiwa nimevaa fulana yako.

Nimesimamishwa. Chumba cha mitambo siruhusiwi kuingia. Nakaa stoo nahesabu skrubu, na wenzangu wakipita wanatazama chini. Nataka kujua kwa nini. Si kwa ajili yao, ni kwa ajili yangu.

Kitinda

---

Karakana, 25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nina mafua lakini nasimama.

Umeuliza kwa nini, nakujibu. Mkurugenzi ndiye aliyeniandikia kwanza. Hiyo taa yako nyekundu ilimkosesha usingizi, akaniuliza: ni kioo au ni mota? Swali lile lina majibu mawili tu. Nikisema kioo, nimekwisha. Miaka arobaini na miwili ya kuinama inakwisha kwa neno moja, na mlango nafunga. Nikisema mota, wewe unapewa onyo, unahamishwa, unanuna, maisha yanaendelea. Una miaka thelathini na moja na vyeti vimejaa kabati. Mimi hakuna atakayeniajiri hata kufagia.

Nikuambie na la pili, kwa kuwa tunaambiana. Nilijua. Wapakiaji walipokuja walikigeuza kioo bila kuniuliza, nikakipima haraka kwa taa na wembe kabla ya kukifunga. Kivuli kilikuwa kimekaa upande. Niliona kwa macho yangu, nikaambiwa lori linasubiri, nikasema kifungwe. Nilijiambia Kitinda yuko kule na panya wake, watakisukuma. Nikakutukana kwenye barua usije ukashtuka mapema.

La mkono usilivalie njuga. Nilitafuta kitu ambacho watu wataamini upesi.

Sasa fanya hivi. Mwandikie Mkurugenzi kwamba mota ulizipanga vibaya. Mistari miwili inatosha. Wewe ulisema umeficha kwa ajili yangu. Basi umekwishaanza, malizia. Mtoto niliyembeba mgongoni karakanani, huku nasugua, hawezi kushindwa kutia sahihi karatasi moja. Nikishapata kioo cha pili, utakuja tukigeuze kila Ijumaa kama ulivyosema.

Mama yako

---

Kituoni, 6 Agosti

Mama,

Shikamoo. Pole na mafua.

Sitatia sahihi.

Nimemwomba Mkurugenzi afanye lile jaribio. Mota zote zizimwe, kioo kipimwe, kigeuzwe robo, kipimwe tena. Mwanzoni alikataa, baadaye akasema bodi inakuja kituoni katikati ya Septemba na darubini itasimamishwa kwa matengenezo wakati huohuo, kwa hiyo inawezekana.

Nakupa mpaka tarehe 31 mwezi huu. Mwandikie useme kweli mwenyewe. Sema kitanda kilijipinda, sema huna mtu wa winchi, sema umezeeka, sema chochote. Watu wanaelewa kosa la kitanda, kila msugua vioo limewahi kumpata. Ukiandika, nitasimama upande wako mbele ya bodi na nitawaonyesha kwamba mota zinalimudu, na kioo cha pili nitakupigania mpaka sauti ikauke. Usipoandika, wataona wenyewe.

Kila Jumatano nashuka posta.

Mwanao,
Kitinda

---

Kituoni, 19 Septemba

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi mgongo.

Nilishuka posta Jumatano zote nne za Agosti na mbili za Septemba. Karani akawa ananiona tu mlangoni anatikisa kichwa. Hukuandika kwangu na hukuandika kwa Mkurugenzi.

Jaribio tulilifanya juzi, mchana, wajumbe saba wa bodi wamekaa kwenye viti nyuma yetu. Mota tulizizima moja moja, kuanzia namba moja mpaka mia na ishirini. Nilikuwa nazitaja namba kwa sauti. Tulipofika katikati tandiko lilianza kujitokeza kwenye skrini kubwa, na tulipofika mwisho hata mjumbe anayeshughulika na bustani ya kituo aliliona. Kisha tukakigeuza kioo robo. Tandiko likageuka nalo. Mjumbe mmoja akauliza mtu angewezaje kusugua miaka yote hiyo bila kugundua. Nikamjibu kwamba aligundua. Nikamsomea barua yako ya tarehe 25 Julai, aya ile ya wapakiaji, yote.

Kioo cha pili kimekwenda kwa wale wa mashine. Mkataba umesainiwa siku hiyohiyo. Barua rasmi utaipata.

Mimi nimerudishwa kazini.

Sasa kuna jambo ambalo hulijui, na nimefikiri sana kama nikuambie. Wiki moja kabla ya jaribio Mkurugenzi aliniita pembeni. Nilipoomba jaribio nilikuwa nimemweleza habari ya kitanda na winchi, naye akasema haoni sababu ya kuaibisha mtu. Alikuwa tayari kunihamishia idara ya kamera, mshahara uleule, cheo kilekile, bila neno baya kwenye faili langu. Ripoti ya kwanza ingebaki ilivyo. Kioo cha pili kingekuja kwako, kwa sharti moja tu, kwamba wangetuma watu wawili kila Ijumaa kuzungusha winchi. Nilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa. Nilikaa pale nikakufikiria, nikafikiria na ule mstari wa mkono mtulivu, nikamwambia hapana, nataka bodi waone.

Nakuambia ili usije ukajifariji kwamba nililazimishwa.

Kitinda

---

Karakana, 3 Desemba

Mwanangu Kitinda,

Hujambo? Nakuuliza mimi kwanza, maana salamu yako sijaisikia muda mrefu na sitegemei kuisikia. Kifua kikoje? Bado unalala na soksi mbili? Unakula saa za kula au unakula umesimama? Mimi mgongo umenilaza wiki tatu, sasa naamka. Sikio la kulia nalo limeanza kufuata la kushoto.

Barua ya Septemba niliisoma na nikaiweka. Nilitaka kukujibu siku ileile, na ningekujibu vibaya. Bora nilivyongoja.

Nilikuandikia uongo kuhusu mkono wako. Ulikuwa mtulivu kuliko wangu nilipokuwa na umri wako, na nilikuondoa kwenye kusugua kwa sababu ulikuwa unapenda hesabu na mimi nilikuwa naogopa utanipita. Leo nimemwandikia Mkurugenzi barua ya kuliondoa neno hilo. Haibadilishi kitu kwangu, najua. Nimeiandika hata hivyo.

Karakana sijaifunga. Kuna chuo kimeniletea kioo, chembamba, nusu ya kile. Hawajasikia habari zangu au wamesikia na hawajali, sikuwauliza. Ni kazi yangu ya mwisho, nataka iwe nzuri. Nikiiharibu na hii, nimekwisha kweli, hata mbele yangu mwenyewe.

Shida yangu ni kitanda. Nimekipima kwa maji na kiko sawa kabisa. Kikiwa kitupu hakisemi. Nimepanga magunia ya mchanga juu yake, nayo hayasemi kitu, mzigo si ule. Mguu mmoja unazama kioo kikilala siku nyingi, na sijui ni upi. Winchi siiwezi peke yangu. Seremala nilimwendea mwenyewe, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake, akanifungia mlango. Ana haki.

Wewe unajua. Ukingoni mwa kila kioo nachora mshale unaoelekea mlangoni, na ule mshale unao huko. Ukiiweka ramani ya vipimo vyako vya Septemba sambamba na mshale, utaona kilizama upande wa mguu upi. Nikijua nitauwekea bati chini, nitafanya kazi kwa amani. Sikuombi uje. Sikuombi unisamehe, hilo ni lako na ulichukulie muda wako. Nakuomba neno moja: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Andika hata nyuma ya bahasha.

Kioo kinaanza kulala kitandani mwezi ujao. Nangoja jibu lako kabla sijakiweka.

Nakuombea afya.

Mama yako

---

Ofisi ya Kioo Kikuu
Kituoni, 15 Desemba

Kwa Msugua Vioo,
Karakana ya Vioo

Yahusu: Ombi la Matokeo ya Vipimo

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 3 Desemba.

Matokeo ya vipimo vya kioo, pamoja na ramani zake zote, ni mali ya kituo na hayatolewi kwa mafundi wasio na mkataba nasi. Kwa kuwa karakana yako haina mkataba na kituo kwa sasa, ombi lako limekataliwa.

Barua nyingine zozote zielekezwe kwa Katibu wa Mkurugenzi na si kwa ofisi hii.

Mhandisi Mkuu wa Kioo

Nakala: Mkurugenzi